Nukta Moja ya Vabena Ufukweni Matema

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mmea mrefu kuliko mimi, nikaambiwa niuingize wote kwenye karatasi isiyozidi ukubwa wa gazeti lililokunjwa.

Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu niliyoshonewa Kyela mjini, na stashahada yangu ya uainishaji wa mimea ilikuwa kwenye bahasha ya kaki niliyoikumbatia tangu nashuka kwenye basi. Nilitegemea kuonyeshwa dawati na kiti. Badala yake Mtunza Mkuu wa chumba cha mimea mikavu cha kaskazini, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya gundi, alichomoa shina lile kutoka kwenye ndoo ya maji, akaliweka mbele yangu.

"Stashahada nimeiona," akasema. "Sasa nionyeshe mikono."

Wengi walioanza kazi pale walikata kichwa chenye maua, wakakibana kwenye presi, na shina wakalitupa. Mimi sikutupa kitu. Niliukunja ule mmea mara mbili ukawa kama herufi N, mzizi chini kushoto, maua juu kulia, kisha nikageuza jani moja ili mgongo wake uonekane. Presi, kwa wasioijua, ni fremu mbili za mbao zinazofungwa kwa mikanda. Katikati unapanga magazeti na kadibodi, mmea unabanwa humo mpaka ukauke bila kujikunyata. Nilikaza mikanda kwa goti. Mzee alisimama akiangalia.

"Unatoka wapi, binti?"

"Kyela, Bwana Mtunza. Ngonga."

"Kwenye mpunga."

"Kwenye mpunga."

"Ndiyo maana unajua kuinama," akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo aliniita Binti wa Mpunga, nami sikuwahi kulikataa jina hilo. Nilikuwa msichana wa kwanza kutoka kijijini kwetu kusomea mimea hadi stashahada, na sikubebwa na mjomba wala mbunge. Nililima, nikauza ndizi, nikasoma. Vijana mnaonisoma leo mjue kwamba anayeandika haya hakuokota kazi yake barabarani.

Mmea ule ulikuwa vabena. Jina lake kamili la kitaalamu ni Verbena bonariensis, na neno la pili linataja mji wa Buenos Aires, kwa kuwa asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwetu hauna jina, maana ulikuja wenyewe bila kutambulishwa. Ukitaka kuutambua, anza na vidole kabla ya macho. Lipapase shina: lina pembe nne, kama mguu wa meza, na linakwaruza kwa vinywele vigumu. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, marefu na membamba, ukingo wake una meno kama ya msumeno mdogo. Maua ni ya zambarau, madogo sana, yamesongamana kwenye masuke mafupi juu kabisa ya matawi. Kila ua lina petali tano zilizoungana chini kuwa mrija mdogo. Likinyauka, tunda lake hugawanyika kuwa mbegu nne, nyepesi, zinazonasa popote.

Lakini alama kuu iko kwenye kitako cha jani. Vabena hii ina binamu anayefanana nayo sana, na wasiojua huwachanganya. Jani la binamu huwa jembamba linapofika kwenye shina, kama linaona haya. Jani la bonariensis hupanuka na kulikumbatia shina kwa pande zote mbili. Alama hiyo huonekana vizuri katikati ya mmea, mahali ambapo mvivu hafiki kwa sababu amechuma maua tu. Nimeona maboksi mazima ya sampuli za watu wenye shahada kubwa yakiwa hayana faida kwa sababu hiyo.

Na neno la mwisho la maelezo yake ni hili: ni mmea wa kudumu. Mahindi yakishakomaa hufa. Vabena hukauka juu, lakini chini kwenye ardhi hubaki kisiki cha mzizi, na mwaka unaofuata hicho kisiki hutoa machipukizi mapya. Shikeni neno hilo, kwa sababu miaka mingi ya maisha yangu ilizunguka juu yake.

Chumba cha mimea mikavu hufanya kazi kama maktaba. Kila sampuli ina lebo inayoeleza ilichumwa wapi, na kila spishi ina ramani yake. Mahali mmea ulipothibitishwa kuishi panawekwa nukta nyeusi. Mahali ulipoonekana ukipita tu panawekwa duara tupu. Nilipoifungua ramani ya vabena kwa mara ya kwanza, niliona nukta za nyanda za juu kusini: Njombe, Mbeya, Tukuyu. Chini ya Tukuyu hapakuwa na kitu. Wilaya yangu yote, kuanzia mabonde ya mpunga mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ilikuwa nyeupe.

"Bwana Mtunza," nikasema, "huu mmea upo Matema. Niliuona nilipokuwa nikienda na mama kununua vyungu."

"Mmea huo unapenda baridi. Haushuki ziwani."

"Niliuona."

"Ulichokiona ukiwa mtoto si sampuli, binti."

Hakuwa na dharau. Ndivyo kazi yetu ilivyo, na mimi ningemjibu mtu hivyo hivyo. Lakini nilijiambia palepale kwamba sitastaafu kabla ya Kyela kupata nukta yake.

Miaka yangu ya kwanza nilibandika, nikashona, nikaandika lebo. Baadaye nikahamishiwa milima ya huko huko kaskazini, chini ya Mtafiti Mwandamizi aliyependa kuvu na kuwachukia madereva. Huko nilijifunza kupanda nikiwa na presi mgongoni na kushuka nikiwa na presi mbili. Nilikusanya sampuli nyingi kuliko wenzangu wote wa rika langu, na sijui kwa nini nijifanye mnyenyekevu juu ya jambo lililoandikwa kwenye lebo kwa mkono wangu mwenyewe. Hatimaye, baada ya kuomba mara nyingi, nilipelekwa ofisi ya kanda, Mbeya. Matema ilikuwa sasa safari ya siku moja.

Mkuu wangu pale alikuwa Afisa wa Kanda, mtu nadhifu aliyepiga pasi hata ovaroli. Kazi tuliyotumwa Kyela mara ya kwanza ilikuwa kukagua magonjwa ya kakao Makwale. Tulipomaliza mapema, nilimbembeleza dereva tukateremka hadi Matema. Milima pale imesimama wima juu ya maji, na chini yake, mahali mitumbwi ya Wakisi, watu wa ufinyanzi, inapotua na vyungu kutoka kijiji cha Ikombe, niliikuta vabena. Ilikuwa imeota kwenye ukanda wa unyevu kati ya mchanga na migomba. Mashina makubwa yalikuwa yamefyekwa, nikachimba dogo moja lililokuwa na maua. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu Afisa wa Kanda aliniita.

"Dada, gari la ofisi lilifika Matema kufanya nini?"

"Kuchukua sampuli ya vabena, Bwana Afisa."

"Ni ua la kutibu nini?"

"La kujaza ramani."

"Gari si la kutafutia maua. Ukirudia, nitakupeleka ghala la mbegu ukahesabu maharage."

Sampuli niliituma kaskazini, kwenye chumba cha mimea mikavu. Baada ya muda simu ya ofisi ililia, na ilikuwa sauti ya Mtunza Mkuu.

"Binti wa Mpunga, jani linakumbatia shina. Ni yenyewe, sibishi."

"Basi weka nukta, Bwana Mtunza."

"Nitaweka duara tupu."

"Kwa nini?"

"Umeniletea shina moja la mwaka mmoja. Mbegu imedondoka kwenye gari, ikaota, ikachanua, itakufa. Huyo ni mgeni. Mimi nachora wakazi. Masika ziwa linajaa pale, au sivyo? Nionyeshe kisiki kilichopita chini ya maji kikachipua tena. Na ufanye haraka. Kitabu cha familia hii ya mimea, chenye ramani zake, kinakwenda kiwandani kuchapwa mwaka huu. Kikishatoka, hakuna atakayeifungua ramani hiyo wakati wewe na mimi tukiwa kazini."

Nilikasirika siku nzima, kisha nikakubali kwamba alikuwa sahihi. Ningeweka nukta kwa kupenda kwangu, ramani ingekuwa uwongo wenye rangi nyeusi.

Nikachukua likizo yangu, nikapanda basi hadi Matema kwa nauli yangu. Pale kwenye gati la vyungu kulikuwa na mama mmoja wa Kikisi, Mama Eliza, mfinyanzi mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki. Eneo lile lilikuwa lake kwa desturi. Yeye ndiye aliyelifagia na kulifyeka kabla ya soko.

"Ugonile, mama," nikamsalimu.

"Ugonile. Ni wewe uliyekuja na gari la serikali ukang'oa gugu langu?"

"Ni mimi."

"Wenzio wanaiba samaki." Wanawake waliokuwa wakipanga vyungu wakaangua kicheko. "Ulilipika?"

"Nililikausha. Mama, hili gugu liko hapa tangu lini?"

"Mimi nimeolewa nimelikuta. Ninalikata, linarudi. Ninalikata, linarudi. Lina kichwa kigumu kuliko marehemu mume wangu."

Nilimuuliza lilitoka wapi. Alinionyesha kwa kidevu. Wachuuzi kutoka Tukuyu walikuwa wakishusha marobota ya nyasi kavu kwenye pikapu. Vyungu vya Kikisi ni vyembamba na husafiri mbali, wengine huvivusha hadi Malawi, kwa hiyo kila chungu huvikwa nyasi kabla ya kupangwa. Wachuuzi huja na nyasi zao kutoka mlimani, na zinazobaki humwagwa nyuma ya gati. Wafinyanzi huzitumia kuwashia moto wa kuchomea. Nilifungua robota moja. Katikati ya nyasi kulikuwa na masuke ya vabena yaliyokauka, yamejaa mbegu. Nilikaa chini kwenye mchanga. Vyungu vilipanda mlimani na vabena ikashuka, miaka na miaka, na hakuna aliyekuwa amegundua.

Sasa nilijua ilivyofika. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba inakaa.

"Mama Eliza, nakuomba kitu. Kishada kimoja usikichimbe. Ukikate ukitaka, lakini mzizi uache mpaka masika yapite."

"Nyoka wakijificha humo?"

"Ukate, nimesema. Mzizi tu ndio uache."

"Na wateja wakisema Mama Eliza amekuwa mchafu?"

"Waambie ni shamba la mtafiti."

"Shamba la gugu!" Akatikisa kichwa. "Watu mmesoma mpaka mmepitiliza. Haya. Kile pale karibu na jiwe la kufungia mitumbwi. Lakini nyungu nne ununue."

Nilinunua. Ziko jikoni kwangu mpaka leo.

Masika yale mvua ilinyesha kama ilivyozoea Kyela, yaani bila kupumzika. Mito ilifurika, ziwa likapanda. Siku moja Mama Eliza alinipigia simu ofisini.

"Mwalimu wa magugu, ziwa limekuja."

"Limefika kwenye jiwe?"

"Jiwe lenyewe silioni. Ndaga, asante kwa kuninunulia nyungu, lakini gugu lako nadhani limekwenda Malawi."

Kaskazini walikuwa wakifunga michoro ya kitabu. Nilisubiri maji yapungue, kisha Ijumaa nikaingia kwa Afisa wa Kanda kuomba ruhusa. Alikuwa na wageni wa kukagua ofisi juma lililofuata, na alitaka kila mtu mezani pake.

"Ni yale maua tena?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana Afisa."

"Ukitoka hapo mlangoni, ukirudi utakuta meza yako iko ghala la mbegu."

"Naomba waibebe vizuri, droo moja imelegea," nikasema, nikatoka.

Matema haikuwa ile niliyoiacha. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, lakini lilikuwa limeacha mchanga mpya kila mahali, laini, usio na hata unyasi mmoja. Mama Eliza alinikuta nimesimama na kijembe changu kama mtu aliyefika msibani akakosa kaburi.

"Jiwe lilikuwa hapa," akasema.

"Hapana, mama, lilikuwa kule, usawa wa mgomba ule."

"Mgomba gani? Huo umeota juzi. Wewe umepita hapa mara mbili, mimi nimezeeka hapa. Chimba."

Nikachimba alipoonyesha. Hakuna. Nikasogea, nikachimba tena. Hakuna. Jasho lilinitoka, na watu wakaanza kusimama kututazama. Mvuvi mmoja akauliza kama tumezika mali. "Tumezika akili zake," Mama Eliza akajibu, kisha akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono, ile mikono ya udongo, taratibu, akipapasa. Ghafla akatulia.

"Jiwe," akasema. "Leta kijembe. Polepole!"

Tulifukua pembeni ya jiwe, na kiasi cha urefu wa mkono chini tukakuta kisiki. Kilikuwa kinene, kimekunjamana, juu yake kimejaa makovu ya mashina ya zamani yaliyokatwa kwa mundu, mengine meusi na kuoza, mengine bado ya kahawia. Katikati ya makovu hayo kulikuwa na machipukizi meupe, yamejinyoosha kupita kwenye mchanga kutafuta mwanga, na ncha zake tayari zilikuwa na majani madogo yaliyojikunja.

"Mungu wangu," Mama Eliza akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe lilikuwa linapumua."

Nilikichimbua na mizizi yake yote. Sikukituma; nilikipeleka mwenyewe, kimefungwa kwenye magazeti yenye unyevu, nikakipakata kwenye basi njia yote. Mtunza Mkuu alikiweka kwenye mwanga, akatoa kioo chake cha kukuzia, akakaa nacho muda mrefu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akawa anakisogeza karibu na pua.

"Hiki kimekatwa na nani?"

"Na mwenye eneo, Bwana Mtunza. Kila mwaka."

"Makovu ya chini yameoza, ya kati yamekauka, ya juu ni ya mwaka jana. Na haya meupe ni ya baada ya maji." Akaweka kioo chini. "Kimeletwa na watu?"

"Na nyasi za kufungia vyungu. Masuke nimeyaleta, yapo kwenye bahasha ile."

"Basi tutaandika hivyo: imeletwa, imekaa." Akavuta ramani, akachovya kalamu kwenye wino mweusi, kisha akanigeuzia mpini. "Weka mwenyewe. Usitetemeke, wino huu haufutiki."

Sikutetemeka. Niliweka nukta kwenye kona ile ambapo milima inakutana na maji. Ilikuwa ndogo kama kichwa cha pini, na kitabu kilitoka nayo.

Nilirudi Mbeya nikakuta meza yangu kweli iko ghala la mbegu. Nilihesabu maharage mpaka Mtunza Mkuu alipostaafu, akapendekeza jina langu kwa kazi yake, nikapanda kaskazini kukaa kwenye kile kiti. Afisa wa Kanda alinitumia salamu za pongezi. Nilizipokea. Kabla ya kuondoka nilishuka Matema na kitabu, nikamwonyesha Mama Eliza ukurasa.

"Hapa ndipo kwako."

Akasogeza kidole juu ya karatasi. "Hiki kidoa?"

"Hicho. Duniani kote mtu akifungua, atajua gugu hili linaishi kwako."

"Ndaga fijo, mwanangu. Kwa hiyo halihitaji kulindwa tena?"

"Halihitaji."

"Vizuri," akasema, akachukua mundu wake.

Sasa nimestaafu na nimerudi Ngonga. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nina kakao, nina mpunga, na ukutani sebuleni nimetundika stashahada yangu kwa sababu niliitolea jasho. Vijana wa chuo hunitembelea, nami huwafundisha kukunja mmea kwa umbo la N, kuchimba mizizi, kupapasa kabla ya kutazama. Nawaambia msipende nukta kuliko mmea. Wengi siku hizi hupiga picha ya ua kwa simu na kuondoka, na picha haina kisiki.

Juzi mmoja wao, binti mwerevu, aliifungua ramani ile akaniuliza mbona Ngonga, kwetu kabisa, hakuna hata duara tupu, wakati mimi ndiye niliyekuwa mtunza wa ramani yenyewe kwa miaka yote ile. Nilimwambia ukweli. Nimetembea kila tuta na kila mfereji wa kijiji hiki, kiangazi na masika, na asubuhi hii pia nimetembea. Vabena haipo. Siku itakapofika na kukaa, nitakuwa wa kwanza kuichimba, na kama nitakuwa nimekufa, yeye ataichimba. Mpaka siku hiyo, Ngonga itabaki nyeupe, na aliyeiacha nyeupe ni mimi.